Taa ya UV kwenye tangi na bwawa la samaki: kasi ya maji ndiyo inayoamua

Maji yakigeuka kijani kwenye tangi la kioo au bwawa la koi (samaki wa mapambo), wengi hukimbilia kubadilisha maji. Wanamwaga nusu, wanatia mapya, na baada ya siku tatu rangi imerudi, pengine imekolea kuliko mwanzo kwa sababu maji mapya yameuletea mwani chakula kipya. Wanaosha sponji ya chujio mpaka inatakata, na bado hakuna kinachobadilika. Mwani unaoelea ni chembe moja moja, nyingi zikiwa na upana wa maikromita chache tu. Zinapita kwenye sponji, kwenye pamba, hata kwenye kitambaa cha kanga. Kwa tatizo hili mahususi, taa ya UV, yaani ya miale ya urujuanimno, ni kifaa kizuri sana, na hufanya kazi bila kutia dawa yoyote ndani ya maji.

Shida ni kwamba inauzwa kama tiba ya kila kitu. Mnunuzi anaambiwa itaondoa mwani, itaponya samaki, itasafisha kinyesi na itampunguzia kazi ya kuosha chujio. Kisha anafunga taa nzima kabisa kwenye pampu isiyolingana nayo, anasubiri mwezi, haoni tofauti, na taa inaishia stoo. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Maji hayakupita mbele ya taa kwa kasi inayotakiwa, basi.

Chota maji kwenye glasi kwanza

Kabla ya kutoa hela, chota maji kwenye glasi safi isiyo na rangi, iweke juu ya karatasi nyeupe, uiache usiku kucha bila kuguswa. Asubuhi itazame kwa pembeni na kwa juu. Ukijani ukiwa umebaki vile vile kutoka juu hadi chini, huo ni mwani unaoelea, na UV itaumaliza. Kukiwa na tabaka la kahawia chini na maji yaliyotakata juu, una udongo au kinyesi cha samaki. Koi huchimbua chini siku nzima, na taa haiui udongo. Hapo unahitaji chujio kubwa zaidi, au kuvuta taka za chini kwa mpira.

Maji yenye ukungu mweupe, hasa kwenye tangi lililoanzishwa wiki mbili au tatu zilizopita, yana bakteria walioongezeka kwa ghafla. UV itawapunguza, ila hali hiyo huisha yenyewe kwa siku chache ukipunguza chakula. Maji masafi yenye rangi ya chai ya rangi yamepakwa na gogo la mapambo au majani makavu. Dawa yake ni mkaa wa chujio. Hata hivyo usiidharau rangi hiyo, kwa sababu inanyonya miale ya taa kabla haijaufikia mwani. Bwawa lililojaa majani ya mwembe au mwarobaini linaweza kuifanya taa nzuri ionekane mbovu.

Mwani ulioshika kwenye kioo, kwenye mawe, na ule wa nyuzi ndefu unaofanana na nywele haupiti kamwe ndani ya taa, kwa hiyo hautakufa. Kwa wenye matangi ya mbuna wa Ziwa Nyasa hii ni habari njema: maji yatatakata, na samaki wataendelea kukwangua mwani wao kwenye mawe kama walivyozoea ziwani.

Jiulize pia kama kweli unataka maji yatakate. Kwenye bwawa la perege au sato wa kula, ukijani ndio malisho. Mfugaji anatia samadi makusudi ili mwani uote, na kipimo chake cha shambani ni kuzamisha mkono: kiganja kikipotea machoni wakati maji yamefika kwenye kiwiko, bwawa lina rutuba ya kutosha. Kuweka UV pale ni kuwanyang'anya samaki chakula ambacho umekigharamia. Yote yanayofuata yanahusu samaki wa mapambo.

Kinachofanyika ndani ya bomba

Ndani ya kifaa kuna taa ya mvuke wa zebaki wa shinikizo dogo, inayotoa miale ya nanomita 253.7, katika kundi linaloitwa UV-C. Urefu huo wa wimbi uko karibu sana na ule ambao DNA huunyonya zaidi. Miale ikiipiga chembe, molekuli za thimini zilizo jirani kwenye uzi wa DNA hushikana mahali pasipotakiwa, na chembe inashindwa kujinakili. Si lazima ife pale pale. Mwani mwingi unaendelea kuelea kwa muda bila kuzaana, kisha unashikana vipande vipande ambavyo sasa chujio linaweza kuvinasa. Ndiyo maana chujio zuri ni nusu ya kazi, na kwa siku za kwanza maji huonekana yenye vumbivumbi kabla hayajatakata.

Mbinu hii si ngeni. Mji wa Marseille nchini Ufaransa uliijaribu kwenye maji ya kunywa mwaka 1910. Jua letu, pamoja na ukali wake wote, halifanyi kazi hii, kwa kuwa UV-C yake huishia juu kwenye angahewa. Linalotufikia ni lile linaloulisha mwani, na karibu na ikweta linaulisha saa 12 kwa siku mwaka mzima. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya huhesabia majira ya baridi ambayo mwani hulala. Kwetu haulali, kwa hiyo ukisoma kwenye boksi kwamba taa inafaa bwawa la lita kadhaa, chukua nusu ya namba hiyo kama bwawa liko juani.

Taa yenyewe haigusi maji. Imevikwa ala ya kioo cha kwatzi, na maji hupita kati ya ala hiyo na ukuta wa bomba la nje. Kwatzi inapitisha UV-C; kioo cha kawaida kinaizuia karibu yote. Ala ikipasuka, fundi asiyejua anaweza kutafuta bomba la kioo linalolingana kipenyo na kulifunga. Taa itawaka, rangi ya buluu itaonekana, na hakuna chembe hata moja ya mwani itakayodhurika. Dai kwatzi kwa jina lake, na kama haipo, subiri iagizwe.

Dozi na kasi

Dozi ya UV, yaani kiasi kinachoipata chembe, huhesabiwa kwa ukali wa miale ukizidishwa na muda wa kuwa mbele yake. Maboksi huandika ama milijuli kwa sentimita mraba, ama maikrowati-sekunde, ambapo milijuli 1 ni sawa na maikrowati-sekunde 1,000. Mwani unaoelea na bakteria wengi hudhibitiwa kwa milijuli 15 hadi 30. Vimelea vya madoa meupe vya maji baridi, vikiwa katika hatua ya kuogelea, vinataka kama milijuli 100. Vile vya maji ya bahari vinataka zaidi ya maradufu ya hapo.

Tuhesabu kwa kifaa cha kawaida. Bomba la nje lina kipenyo cha ndani cha sentimita 7, ala ya kwatzi ina kipenyo cha sentimita 2.5, na urefu wa sehemu inayomulikwa ni sentimita 30. Nafasi ya maji hapo ni karibu lita 1. Ukipitisha lita 600 kwa saa, kila tone linakaa mbele ya taa kwa sekunde 6. Ukipitisha lita 1,800, linakaa sekunde 2, yaani dozi imeshuka hadi theluthi. Kutokana na hesabu hii watu huhitimisha kwamba polepole ndiyo bora, wanakaza koki mpaka maji yanadondoka kama uzi, na bwawa linabaki kijani vile vile.

Wanachosahau ni kwamba maji yaliyotibiwa hurudi na kuchanganyika na ambayo bado. Pampu ikisukuma ujazo sawa na bwawa zima, haimaanishi kila tone limepita. Tone moja limepita mara tatu, jingine halijapita kabisa. Kwenye maji yanayochanganyika vizuri, ukishasukuma ujazo wa bwawa mara moja, asilimia 37 ya maji hayajawahi kuiona taa. Ukisukuma mara mbili yanabaki asilimia 14, na mara tatu asilimia 5.

Sasa tuseme mwani wako, juani na wenye chakula tele, unaongezeka maradufu mara mbili kwa siku. Umekaza koki ili ujazo wa bwawa upite mara moja kwa saa 24, na taa inaua kila chembe inayopita, bila kukosa hata moja. Jioni ya siku ya kwanza imebaki asilimia 37, lakini katika muda huo huo kilichobaki kimezidishwa kwa nne. Umepata kama asilimia 148 ya mwani uliokuwa nao jana. Taa imefanya kazi kikamilifu na maji yamezidi ukijani. Fungua koki ili ujazo upite kila baada ya saa 4, yaani mara 6 kwa siku, na hesabu hiyo hiyo inakupa asilimia 1.

Kuna jambo zuri zaidi. Ukiongeza kasi hadi ujazo mzima kila saa 2, halafu dozi ikashuka kiasi kwamba taa inaua nusu tu ya chembe zinazopita, matokeo yanakuwa yale yale ya asilimia 1. Kwa mwani, basi, wingi wa maji yanayopita una uzito kuliko ukamilifu wa kuua. Kwa vimelea ni kinyume chake: kimelea kilichopewa nusu dozi kinaendelea na safari yake, hivyo unahitaji mwendo wa polepole na taa kubwa.

Kwa kipimo cha kuanzia, tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50 linashika lita 240 likiwa tupu, na karibu 200 ukishaweka mchanga na mawe. Taa ya wati 9 au 11 na mtiririko wa lita 300 hadi 600 kwa saa inalitosha. Bwawa la mita 3 kwa 2 lenye kina cha mita 1 lina lita 6,000. Likiwa kivulini, wati 18 zinaweza kutosha; likiwa wazi juani na limejaa koi, weka 36, na pampu inayotoa lita 3,000 kwa saa kwenye mdomo wa kurudishia.

Nimesema kwenye mdomo kwa sababu namba ya kwenye boksi la pampu hupimwa bila kupandisha maji popote. Pampu iliyoandikwa 3,000 ikipandisha maji mita moja na nusu kupitia mpira mwembamba, chujio na taa, inaweza kukupa nusu tu ya hapo. Usikisie, kinga ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 24, una lita 3,000 kwa saa. Kwa tangi, chombo cha lita 10 kikijaa kwa sekunde 72, una lita 500. Gawanya lita kwa sekunde, zidisha kwa 3,600.

Ugonjwa wa madoa meupe

Hapa ndipo matumaini yanapozidi uwezo wa kifaa. Kimelea cha madoa meupe kikiwa juu ya samaki kimejificha chini ya utando wa ngozi, na taa haikifikii. Kikikomaa hudondoka, kinashika kwenye mchanga au jiwe, kinajigawa ndani ya ganda lake, kisha kinatoa watoto kwa mamia wanaoogelea kutafuta samaki. Ni hatua hiyo ya mwisho tu, inayodumu kama siku moja au mbili, ndiyo inayoweza kuingia kwenye bomba la taa. Na ndani ya tangi la sentimita 120, mtoto wa kimelea hana safari ndefu kumpata samaki aliyelala kando yake. UV itapunguza mashambulizi, na kupunguza kuna maana, lakini haitaponya tangi lililokwisha kuugua. Joto, chumvi au dawa vinabaki kuwa matibabu.

Thamani yake kubwa dhidi ya magonjwa iko kwenye mfumo wa matangi mengi yanayotumia chujio moja, kama ya wauzaji. Maji ya kila tangi yanapita kwenye taa kabla ya kwenda kwa jirani, kwa hiyo ugonjwa wa tangi moja hauenei kupitia bomba. Kwa mfumo wa namna hiyo usibane fedha: nunua taa kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, uifunge baada ya chujio, na uzingatie kasi iliyoandikwa kwa ajili ya vimelea, ambayo huwa ndogo mara kadhaa kuliko ile ya mwani.

Kununua

Sokoni kuna vifaa vinavyoitwa UV ambavyo ndani yake mna LED za zambarau za nanomita 395 au zaidi. Hizo ni za kung'arisha rangi tu. Haziui chochote cha maana. LED za UV-C za kweli zipo, kati ya nanomita 265 na 280, lakini zile za bei ndogo zina nguvu ndogo mno kwa bwawa. Kwa sasa taa ya zebaki yenye maandishi ya UV-C au 254 nm bado ndiyo ya kuaminika. Usijaribu kuipima kwa kumulika noti. Noti hung'aa hata kwa mwanga wa UV-A wa taa za kukagulia hela, na ili uimulike itabidi utoe taa nje ya bomba, jambo ambalo halifai kufanywa kabisa.

Tazama aina ya kitako cha taa kabla ya kulipa. Taa ndogo za wati 9 na 11 zenye pini mbili, na zile ndefu za wati 18, 36 na 55 zenye pini nne kwa mstari, zinapatikana kwa urahisi kuliko vitako vya ajabuajabu vya kifaa kisicho na jina. Kila mwaka utanunua taa mpya. Kifaa ambacho taa yake haipatikani kina umri wa mwaka mmoja. Uliza pia bei ya ala ya kwatzi na oringi zake (pete za mpira za kuzuia maji) siku hiyo hiyo.

Kuhusu umeme, taa ya wati 11 ikiwaka mfululizo inakula karibu yuniti 8 kwa mwezi, ya wati 36 karibu 26, na ya 55 karibu 40, ukiacha kidogo kinachopotea kwenye balasti, kifaa kinachoiendesha taa. Pampu ya bwawa mara nyingi inakula zaidi ya hiyo.

Kufunga

Kwenye tangi, taa inakaa kwenye mpira wa kurudisha maji, baada ya chujio, ili yanayopita yawe yamekwisha kuchujwa. Kwenye bwawa, kwa kazi ya mwani, mafundi wengi huiweka kati ya pampu na chujio, ili mwani ulioshikana unaswe mara moja badala ya kurudi bwawani. Hasara yake ni kwamba uchafu wa pampu hupita ndani ya taa na kuchafua ala mapema. Pampu ikiwa na kichungio kizuri cha nje, hasara hiyo inavumilika.

Bomba likisimama wima, maji yaingie chini na kutokea juu. Likilala, midomo yote miwili itazame juu. Hewa ikibaki ndani, sehemu ya ala inakuwa kavu, inapata joto kuliko nyingine, na uchafu unagandia pale kwenye mpaka wa maji na hewa. Weka njia ya pembeni yenye koki mbili ili uweze kugawa mtiririko: kiasi kipite kwenye taa, kingine kiende moja kwa moja. Koki hizo zitakuokoa pia siku ya kusafisha, kwa sababu hutalazimika kusimamisha chujio zima.

Kabla ya kuingiza taa, funga kila kitu, sokota karatasi ya chooni, itumbukize ndani ya ala tupu, kisha washa pampu kwa saa nzima. Karatasi ikitoka kavu, oringi zimeshika. Ikitoka na unyevu hata kidogo, fungua, futa, paka oringi grisi ya silikoni na urudie. Vaselini huharibu baadhi ya aina za mpira, usiitumie. Nati ya plastiki inakazwa kwa mkono. Ukitumia spana utapasua ama nati ama kwatzi. Taa ishike kwa kitambaa safi. Alama ya kidole ina mafuta, na mafuta hayo huungua juu ya kioo na kuacha doa linalozuia miale. Ukiigusa, ifute kwa spiriti kabla ya kuiingiza.

Upande wa umeme hauna mjadala. Saketi ya pampu na taa ilindwe na swichi ya RCD (inayokata umeme unapovuja) ya miliampia 30, soketi iwe mbali na matone ya maji na mvua, na waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linaloteremka na waya lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme. Usiingize mkono kwenye maji wala kufungua bomba kabla hujachomoa plagi yenyewe ukutani. Na usiiwashe taa ikiwa nje ya bomba, hata kwa sekunde chache za kuijaribu. UV-C inaunguza uso wa jicho bila maumivu wakati huo. Maumivu, machozi na hisia ya mchanga machoni huja baada ya saa kadhaa. Kifaa kizuri kina kidirisha kidogo cha plastiki kinachoonyesha mwanga. Tazama hapo tu.

Miale hii hula plastiki pia. Mpira unaoingia moja kwa moja mbele ya taa hugeuka njano, ukakakamaa, kisha ukapasuka kwenye klipu. Tumia kiwiko cha bomba gumu kwenye mdomo wa kifaa ili mwanga usiufikie mpira, na ubonyeze maungio kwa vidole kila unaposafisha.

Wiki ya kwanza

Iache iwake usiku na mchana. Tangi la kawaida hutakata kwa siku 2 hadi 4, bwawa kwa wiki moja hivi. Katika muda huo mwani uliokuwa ukinyonya amonia (sumu itokanayo na taka za samaki) unakufa, unaoza, na kurudisha amonia ndani ya maji, huku bakteria wa kuozesha wakitumia oksijeni. Maji yaliyokuwa kijani kibichi kabisa yanaweza kuleta vifo siku ya tatu, wakati mmiliki anafurahia kuanza kuona chini. Punguza chakula hadi nusu, weka pampu ya hewa, hasa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri ambapo oksijeni huwa chini zaidi, suuza sponji kila siku kwa maji ya bwawa lenyewe, na upime amonia. Ikionekana, badilisha robo ya maji, yakiwa yameondolewa klorini.

Ukiona samaki wamepanda juu wakihema, zima taa kwanza, washa hewa, badilisha maji, kisha uirudishe taa kwa saa chache chache.

Kuna nyakati nyingine za kuizima. Unapotia dawa ya samaki, kwa sababu dawa nyingi huvunjwa na mwanga wa UV na utakuwa umemwaga hela. Unapotia bakteria wa chupa kwenye chujio jipya, kwa siku 2 au 3 mpaka washike kwenye sponji na mawe. Wakishashika, taa haiwadhuru, maana hawaelei. Na kwenye tangi la mimea, fahamu kwamba UV hupunguza nguvu ya mbolea ya chuma: tia mbolea hiyo na uizime taa siku hiyo.

Kinachoichosha taa

Hitilafu inayodanganya wengi ni taa iliyozeeka. Ikishawaka saa 8,000 hadi 9,000, yaani takriban mwaka mmoja mfululizo, miale ya UV-C imeshuka sana, lakini buluu unayoiona kwenye kidirisha ni ile ile. Jicho haliwezi kutofautisha taa ya miezi miwili na ya miaka miwili. Andika tarehe kwa kalamu isiyofutika kwenye kifuniko siku unapofunga taa mpya. Kuizima na kuiwasha kila siku ili kuokoa umeme hakuirefushii maisha kama inavyodhaniwa, kwa kuwa kila kuwaka huchosha ncha za taa.

La pili ni ala chafu. Maji ya visima, yakiwemo mengi ya ukanda wa pwani, yana kalsiamu nyingi, na joto la taa huifanya chokaa igande juu ya kwatzi. Tabaka jembamba jeupe ambalo hulioni vizuri likiwa limelowa linatosha kukata sehemu kubwa ya miale. Kwa maji laini, fungua na usafishe kila baada ya miezi 3. Kwa maji ya kisima, kila mwezi. Loweka ala kwenye siki kwa nusu saa au zaidi, au ipake maji ya limau, kisha futa kwa kitambaa laini na usuuze. Steelwuli na brashi ngumu hukwaruza, na kwenye mikwaruzo chokaa hushika upesi zaidi.

La tatu ni umeme unaopanda na kushuka, ambao huunguza balasti. Taa ikianza kupepesa au kuwaka ncha tu, jaribu taa mpya kabla ya kulaumu balasti, kisha weka kifaa cha kulinda volteji kama eneo lako linakatika mara kwa mara. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, maji yaliyokwama ndani ya chujio lililofungwa na ndani ya bomba la taa huishiwa oksijeni na kunuka yai viza. Umeme ukirudi, usiyaache yaingie kwa samaki. Toa mpira wa kurudishia, elekeza kwenye ndoo, mwaga ndoo ya kwanza, ndipo uunganishe. Na pampu ikikwama huku taa ikiendelea kuwaka, maji kidogo yaliyomo ndani hupata moto. Afadhali vyote viwili vitoke kwenye swichi moja.

Taa ikivunjika ndani ya ala nzima, zebaki haijafika kwenye maji: chomoa, toa vipande kwa glavu, funga kwenye mfuko imara na usiviunguze na takataka. Ala nayo ikivunjika, simamisha pampu hapo hapo, funga koki zote mbili ili maji ya bomba yabaki humo, yatoe pembeni, kisha ubadilishe maji mengi ya tangi.

Maji yakishatakata

Chakula cha mwani, yaani nitrati na fosfati, bado kimo. Sasa jua linafika mpaka chini, na kitakachoota ni mwani wa nyuzi, ambao taa haiugusi. Hapa kazi inahamia kwenye kivuli na mimea. Yungiyungi wanaofunika nusu ya uso wa bwawa hupunguza mwanga na kunyonya sehemu ya virutubisho kwa wakati mmoja. Wapandwe kwenye ndoo au beseni la udongo mzito lililofunikwa kokoto, kwa sababu koi watachimbua mizizi. Gugumaji lisitumike hata kama linapatikana bure na linanyonya virutubisho haraka sana, kwani kipande kimoja kikitoka na mvua kuingia mtoni kinatosha kuanzisha yale yanayoonekana Ziwa Viktoria. Chakula cha samaki kiwe kile wanachokimaliza ndani ya dakika 3 hadi 5. Nyuzi zitakazoota mwezi wa kwanza zitoe kwa mkono au kwa kuzisokota kwenye fimbo, uzitupe mbali na ukingo, ili mvua isizirudishe.